Nyumba za popo Muheza: shajara ya kazi, Juni 2024 hadi Novemba 2025

Shajara hii inawekwa ili shule au klabu nyingine ya mazingira iweze kuiga kazi hii bila kurudia makosa yaliyokwisha kufanyika. Mahali ni shule ya sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga, yenye popo kwenye dari ya madarasa mawili na ofisi ya walimu. Kazi ni mbili: popo wapate makao nje ya dari, na wanafunzi wa klabu, kidato cha pili na cha tatu, wajifunze kupima, kuhesabu na kujenga. Bei zote ni za Muheza mjini siku ya kununua.

8 Juni 2024: Popo gani, na wangapi

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, jua una popo gani. Wale wakubwa wa matunda, wanaoacha maembe yaliyotafunwa uani, hawaingii kwenye boksi hata ulipambe vipi. Hao hulala wazi mitini au pangoni. Mwenye shida ya maembe asihangaike na mradi huu. Boksi ni la popo wadogo wala wadudu, wanaojibana kwenye nyufa.

Kuwatambua hakuhitaji kuwashika. Kinyesi chao kinafanana na cha panya kwa ukubwa, lakini ukikibonyeza kwa kijiti kinavunjika na kuwa unga wenye vipande vinavyong'aa, yaani mabawa na magamba ya wadudu. Cha panya ni kigumu na hakimetameti. Ukiwatazama kwa darubini wakiwa mlangoni mwa tundu, utaona mkia umechomoza nje ya ngozi iliyounganisha miguu. Wakitoka wanajiachia kuanguka kwanza, ndipo wanaruka moja kwa moja kwa kasi. Dari yetu ina aina mbili zinazoonekana kwa tofauti ya ukubwa: *Mops condylurus*, na mdogo wake *Mops pumilus*, ambaye vitabu vya zamani vinamwita *Chaerephon pumilus*. Huyo mdogo ana uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari na ushee. Mkubwa anaweza kufika mara mbili yake.

Hesabu ilifanyika wakati wa kutoka. Matundu yanayotumika yalikuwa matano, yote chini ya migongo ya bati pale linapokutana na fisha bodi, yaani ubao wa ukingo wa paa. Kila tundu lilipewa watu wawili, mmoja wa kutazama na mmoja wa kuandika, kuanzia robo saa kabla ya jua kuzama hadi zipite dakika kumi bila popo kutoka. Mtazamaji alale chali, tundu liwe kati yake na mbingu yenye mwanga. Akisimama akiwa na ukuta nyuma ya tundu haoni kitu.

Kuandika vistari hakukufaa. Popo wanatoka kwa mafungu, kumi na tano ndani ya sekunde chache, na anayeandika akiinama tu amepoteza sita. Kilichofaa ni komwe za bao: makopo mawili, na kila popo watano komwe moja inahama kutoka kopo hili kwenda lile. Mkono unafanya kazi, macho hayaondoki kwenye tundu. Anayerudi ndani anatolewa kwenye hesabu kwa kurudisha komwe kwa utaratibu uleule.

Usiku wa kwanza (kwa vistari): 288. Usiku wa pili (kwa komwe): 415. Wa tatu: 430. Mbili za mwisho zinakaribiana, kwa hiyo 430 ndiyo namba ya kuanzia.

29 Juni 2024: Maboksi matatu ya kwanza

Yamekamilika na kutundikwa. Kila moja lina chumba kimoja, kimo sentimita 60, upana 40, chini wazi, na ubao wa kutua wa sentimita 10. Yamepakwa rangi nyeusi na kuezekwa bati chakavu lililopigiliwa moja kwa moja juu ya mbao. Mawili yako ukutani upande wa magharibi, moja kwenye mwembe, mita 3 kutoka ardhini.

Gharama: plaiwudi ya kawaida ya milimita 12, shiti moja, 48,000, papi (mbao nyembamba) mbili 7,000, misumari 4,000, rangi lita moja 12,000, fundi siku moja 25,000. Jumla 96,000, yaani 32,000 kwa boksi. Ilionekana nafuu.

21 Septemba 2024: Hakuna popo. Makosa manne

Miezi mitatu, na hakuna hata punje ya kinyesi chini ya boksi lolote. Muda peke yake si ushahidi, kwa maana popo wanaweza kuchukua mwaka au zaidi kukubali makao mapya. Tena kuna mfano maarufu wa kuwapoza wanaovunjika moyo. Mwaka 1929 Richter Clyde Perky alijenga mnara mzima wa popo huko Sugarloaf Key, Florida, ili wamle mbu. Popo hawakukaa, na mnara ukasimama mtupu hadi kimbunga Irma kilipouangusha mwaka 2017. Lakini maboksi yetu yalipoteremshwa na kufunguliwa, sababu zilikuwa wazi na hazikuhitaji subira.

*Ufa mpana.* Mchoro ulikuwa wa Marekani, wa inchi, na nafasi ya chumba iliandikwa ¾. Waliopima waliisoma kama "3 hadi 4" na kuifanya sentimita. Chumba kikatoka na milimita 35 badala ya 19. Popo hawa wanataka mgongo uguse ubao mmoja na kifua ubao mwingine. Pakiwa wazi hivyo ni ukumbi, si ufa. Waliohamia ni mijusi kafiri, na nyigu wa udongo waliokuwa wamejaza pembe za juu kwa viota. Tangu siku hiyo kila mchoro unaandikwa upya kwa milimita kabla ya kufika kwa fundi, na kila kikundi kinabeba kijiti cha kupimia: kipande cha mbao chenye unene wa milimita 20 upande mmoja na 25 upande mwingine. Kijiti kikiingia kwa kubana kidogo, chumba ni sahihi. Futi kamba inabaki mfukoni.

*Mbao zimepigwa randa.* Fundi mzuri hapeleki kazi bila kupiga randa na msasa, na yetu ilikuwa imelainika kama meza ya sebuleni. Popo hawezi kuning'inia hapo. Ukimwambia fundi "usipige randa" atakubali kwa mdomo na mkono utapiga kwa mazoea. Mwonyeshe kwa kucha: ukikwaruza ubao na kucha ikateleza, popo naye atateleza.

*Kimo cha kuruka.* Popo wa aina hii hawainuki vizuri kutoka chini. Wanahitaji kuanguka kwanza ndipo washike hewa. Mita 3 ilitosha kwa kipimo, ila boksi la kwenye mwembe lilikuwa na tawi mita moja na nusu chini yake. Pia tawi ni njia ya nyoka na paka.

*Rangi nyeusi na upande wa magharibi.* Hili lilihitaji kupimwa.

16 Novemba 2024: Joto

Vipimajoto vidogo vya kidijiti vyenye waya, vile vya kuweka kwenye friji, vilinunuliwa vitatu kwa 8,000 kila kimoja. Kimoja kiliwekwa juu kabisa ndani ya boksi, kimoja kati, kimoja karibu na mlango. Usomaji ni saa 8 mchana, siku kumi zisizo na mvua.

Boksi jeusi la magharibi: juu 46, kati 45, chini 44 kwa wastani. Darini siku hizohizo: 43 chini ya bati, na 33 kwenye ukuta wa mawe upande wa kaskazini.

Joto la darini lenyewe ni kali, na popo bado wanakaa, kwa kuwa *Mops condylurus* ni miongoni mwa popo wanaovumilia makao yanayopita nyuzi 40. Tofauti ni kwamba darini akizidiwa anatambaa mita tano na kupata ubaridi. Ndani ya boksi letu juu na chini zilikuwa tanuri moja, na akizidiwa hana pa kwenda. Kwa hiyo swali la kuliuliza boksi ni hili: kati ya juu na chini kuna tofauti ya nyuzi ngapi? Ikiwa mbili tu, boksi halifai hata kama wastani wake ni mzuri.

Michoro mingi inayozunguka ni ya sehemu za baridi. Inataka rangi ya giza, uso uelekee kusini, jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri liko kaskazini kuanzia Machi hadi Oktoba, kusini miezi mingine, na muda mwingi liko karibu na utosi. Uso wa boksi hauchomwi sana; kinachochomwa ni paa. Hapa paa ndilo la kufikiria kwanza, kisha kukwepa jua la alasiri la magharibi. Kaskazini au kusini ni jambo dogo.

Vuli nayo ilitoa hukumu yake: plaiwudi ya kawaida imefumuka kingo zote, tabaka zimeachana kama kurasa za daftari lililoloa. Maboksi matatu yamevunjwa. Kilichookolewa ni misumari na bati.

25 Januari 2025: Kazi imesimamishwa

Tarehe 20 Januari ulitangazwa mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Ni mara ya pili kwa Tanzania. Wa kwanza ulikuwa mwaka 2023, Kagera hukohuko. Kikao cha wazazi kilikuwa kifupi. Swali lilikuwa moja: "Mwalimu, hao popo wa Kagera si ndio hawa?"

Jibu lililotolewa, na linalofaa kutolewa na yeyote atakayeulizwa: si hao. Virusi vya Marburg vinahifadhiwa na popo wa matunda wa mapangoni na migodini, *Rousettus aegyptiacus*. Lakini isiishie hapo, maana itakuwa nusu ya ukweli. Mwaka 2018 virusi vya Bombali, ndugu wa Ebola, vilipatikana Sierra Leone ndani ya popo wa aina hizi hasa za darini, na baadaye vikaonekana Kenya, eneo la Taita. Hakuna mtu anayejulikana kuugua Bombali. Hata hivyo, anayesema "wetu ni salama kabisa" anawafundisha watoto kushika. Msimamo ni kwamba hakuna anayemgusa popo, mzima au mfu, wa aina yoyote.

Kanuni zilizobandikwa mlangoni mwa stoo:

– Popo aliyeanguka haguswi. Anaitwa mwalimu mwenye glovu nene za ngozi; anafunikwa kwa boksi la kadibodi, karatasi ngumu inapitishwa chini, na anapelekwa kwenye shina la mti, mita 2 juu, apande mwenyewe.
– Aliyeng'atwa au kukwaruzwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nchini ugonjwa huo huletwa zaidi na mbwa, lakini hatubahatishi.
– Kinyesi kikavu hakifagiliwi. Kinanyunyiziwa maji kwanza, na anayekiondoa, ambaye ni mtu mzima, anavaa barakoa na glovu. Vumbi lake linaweza kubeba kuvu wa histoplasmosisi, anayeshambulia mapafu.
– Kukamata popo kwa ajili ya kumtazama ni kukamata mnyamapori; bila kibali ni kosa. Utafiti unapitia TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania.

Safari ya mapango ya Amboni, iliyokuwa kwenye ratiba ya Februari, imefutwa na hairudishwi. Pango lenye popo si mahali pa kupeleka darasa, Marburg iwepo isiwepo.

22 Machi 2025: Boksi la pili

Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Wazazi wakaruhusu kazi kwa sharti kwamba nguzo zikae mita 30 kutoka darasa la karibu. Ni sharti jema hata bila hofu ya ugonjwa, kwa sababu linaondoa harufu na kinyesi mlangoni.

Mbao safari hii ni mtiki. Shamba la miti la Longuza liko wilayani hapa, na viwanda vya kupasua vinauza mbao za daraja la chini kwa bei inayoshikika. Mtiki hauhitaji dawa, mchwa hawaupendi, na ukitoka kwenye msumeno bila randa una ukwaruzo unaotakiwa. Mbao za paini zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, zisitumike ndani ya boksi kabisa. Dawa hiyo ni sumu, na popo anailamba kila anapojisafisha manyoya.

Vipimo vya boksi moja la vyumba vinne:

Mgongo ni mbao tatu za inchi 1×6, urefu sentimita 90, zikikaa pamoja upana 45. Uso ni mbao tatu za sentimita 75. Ubavu ni mbao mbili za sentimita 75, zilizopasuliwa upana wa milimita 126. Zikiwa unene wa milimita 25, upana wa ndani unabaki sentimita 40. Vizuizi vitatu ni plaiwudi ya majini ya milimita 12, kila kimoja 40 kwa 73, vikiishia sentimita 2 chini ya kifuniko ili popo wahame chumba kwa chumba juu kwa juu. Nafasi: vyumba viwili vya nyuma milimita 25 kila kimoja kwa wale wakubwa, viwili vya mbele milimita 20 kwa wadogo. (25+25+20+20, ongeza vizuizi vitatu vya 12: ndiyo hiyo 126.) Sentimita 15 za mgongo zinazobaki chini ni ubao wa kutua.

Plaiwudi ni laini, kwa hiyo vizuizi vilichanjwa kwa msumeno pande zote mbili: mistari ya kulala, kina milimita moja na nusu, kila baada ya sentimita moja. Hii ndiyo kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote, vizuizi sita kwa siku tatu, na wanafunzi ndio waliofanya. Kuna wanaokwepa kazi hiyo kwa kubandika wavu wa plastiki. Wavu ukilegea kidogo popo ananasa ukucha na kufia hapo. Kama huna stepla ya kuushika kila sentimita 5, chanja tu.

Usoni, sentimita 25 kutoka chini, kuna mwanya wa hewa wa milimita 12 unaokwenda upana wote. Ubavuni kuna mwanya wa urefu wa sentimita 15, mkabala na vyumba vya nyuma. Miunganiko mingine yote ilizibwa kwa silikoni kabla ya rangi. Nje makoti matatu ya rangi ya maji nyeupe. Ndani hakuna rangi.

Paa ni mbili. Kifuniko cha mtiki kimezibwa kabisa. Juu yake papi mbili za kulala, kisha bati lenye kuzidi sentimita 10 kila upande. Hewa inapita katika sentimita 5 zilizo kati.

Maboksi mawili yamekaa mgongo kwa mgongo kati ya nguzo mbili za mkaratusi za mita 6, mita 1.2 zikiwa ndani ya zege, uso mmoja umeelekea mashariki na wa pili magharibi. Ubao wa kutua uko mita 3.8 juu, na chini yake hakuna kitu. Kila nguzo imevishwa kola ya bati ya sentimita 60 kwenye kimo cha mita 2 dhidi ya nyoka na panya, na chini ya kola ukanda wa grisi dhidi ya siafu.

Gharama ya jozi:

Mtiki 1×6, futi 12, mbao 5: 70,000
Plaiwudi ya majini, shiti 1 (inatoa vizuizi 9, vitatu vimebaki): 85,000
Papi 4: 14,000
Skrubu: 9,000
Gundi na silikoni: 16,000
Rangi lita 4: 28,000
Bati 1: 24,000
Nguzo 2: 70,000
Saruji mfuko 1: 17,000
Mchanga na kokoto: 10,000
Fundi siku 2: 60,000
Kirikuu cha kuleta nguzo: 25,000
Jumla: 428,000

Mtu akitaka kupunguza, apunguze nguzo kwa kutumia ukuta wa mashariki wa jengo refu. Asipunguze mbao.

17 Mei 2025: Masika, na nyuki

Joto la saa 8 mchana kabla mvua hazijashika: juu 40, kati 37, chini 33. Tofauti ya nyuzi saba. Hakuna mbao iliyofumuka.

Tatizo jipya: nyuki wapelelezi walionekana wakiingia na kutoka kwenye uwazi kati ya kifuniko na bati. Vyumba vya popo hawakuvitaka; walichotaka ni ule uwazi wa sentimita 5, ambao ukiutazama vizuri ni mzinga wa bure. Wakati wa kutibu ni siku wanapopeleleza, si siku kundi limefika. Uwazi ulizibwa pande zote kwa wavu wa chuma wa madirishani usiku huohuo, na hewa bado inapita. Anayejenga sasa aweke wavu huo chini, kabla boksi halijapandishwa. Kufanya kazi hiyo juu ya ngazi ya mita 5 gizani hakupendezi. (Wavu na kukodi ngazi: 21,000.)

Nyigu wa udongo walirudi pia, viota vinne, lakini chini kukiwa wazi kabisa vinang'olewa kwa fimbo nyembamba ndefu. Fanya hivyo mwezi ambao popo hawajaingia.

Boksi la magharibi lilipakwa kinyesi cha popo kilicholowekwa, kwa kuwa wengi wanashauri hivyo. La mashariki liliachwa. Matokeo yako hapo chini.

12 Julai 2025: Kinyesi cha kwanza

Shuka jeupe lililotandikwa chini ya nguzo kila Ijumaa lilikuwa tupu kwa wiki kumi na tano. Tarehe 4 Julai: punje 9, zote upande wa mashariki. Tarehe 11: punje 40 hivi. Wanafunzi waliokaa chini ya nguzo kabla ya magharibi walisikia milio ya kugombana ndani ya boksi. Milio ya kuwindia iko juu ya uwezo wa sikio letu, lakini ile ya kusukumana wanapoamka inasikika, na vijana wanaisikia vizuri kuliko walimu wao. Waliotoka: 3.

Boksi lililopakwa kinyesi halina kitu. Boksi mbili hazitoshi kuamua, ila hatutarudia kazi hiyo.

Kuhusu kufundisha. Vipindi vya mwanzo vilikuwa vya mabango na maelezo, na havikushika. Kila mara maswali yaliishia kwa popobawa, jini la masimulizi ya Zanzibar, na haishangazi, kwani taharuki ya Zanzibar ya mwaka 1995 ilivuka bahari na wazee wa hapa wanaikumbuka. Kuwacheka kulifunga mazungumzo. Kilichofaa ni kuacha swali lipite na kuwapa komwe na kopo. Mtoto aliyehesabu popo 60 wakimpita juu ya kichwa bila hata mmoja kumgusa nywele ana jibu lake. Sasa kila mwezi kuna hesabu moja, usomaji wa joto mmoja, na grafu moja ubaoni yenye mistari miwili: darini na boksini.

Onyo kwa wanaotafuta ridhaa ya kijiji: msiahidi kwamba malaria itapungua. Popo hawa wanaruka juu na wanakula zaidi mbawakawa, nondo na kunguni wa mimea. Lililo la kweli linatosha: Afrika Kusini wamekutwa wakila kunguni wanaoharibu makadamia, na Eswatini wamekutwa wakila nondo.

6 Septemba 2025: Kuwatoa darini

Ilipangwa iwe tarehe 2 Agosti, ikaahirishwa. Popo hawa huzaa mtoto mmoja kwa uzazi, zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mtoto asiyeruka huachwa darini mama anapokwenda kuwinda. Ukiziba hapo, watoto wanakufa ndani na mama wanatafuta njia hadi madirishani. Kalenda pekee haitoshi. Simama chini ya dari saa 2 usiku, wakubwa wakiwa wameshatoka. Ukisikia milio myembamba isiyokoma, kuna watoto. Tarehe 2 Agosti ilisikika. Tarehe 23 na 30 kimya.

Siku hiyo waliotoka darini walikuwa 352, boksini 61, wote upande wa mashariki.

Njia: mashimo yote yasiyotumika yanazibwa kwanza kwa udongo wa saruji na wavu, hadi nyufa za milimita 12, kwani huyo mdogo anapita. Kwenye matundu matano yanayotumika panawekwa kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu sentimita 25, mdomo wa nje ukitazama chini. Popo anateleza kutoka. Akirudi hapati pa kushika. Bomba zinakaa usiku saba bila mvua. (Bomba, wavu, saruji: 38,000.)

Kosa: usiku wa pili tundu la ofisi lilionekana halitoi popo, likazibwa. Lilikuwa halitoi kwa sababu bomba lilikuwa limebanwa na kipande cha kenchi (mbao za kubeba paa) ndani. Siku ya tatu popo 11 walikuwa wamejipenyeza kupitia pengo la dari hadi sakafuni ofisini. Wanne walikuwa wamekufa kwa joto. Saba walibaki hai na walipelekwa mtini kwa utaratibu wa kadibodi. Tundu likafunguliwa, bomba likanyooshwa, na usiku saba ukaanza kuhesabiwa upya kwa tundu hilo. Tundu lisilotoa popo ni la kuchunguzwa. Lisizibwe kabla ya usiku wa saba hata likionekana limekufa.

29 Novemba 2025: Hali ilivyo

Darini: 0, wiki kumi mfululizo. Boksi la mashariki: 148. La magharibi: 64, la kwanza kuonekana ilikuwa Oktoba. Jumla 212 kati ya 430 za mwanzo.

Wengine hawakupotea. Kiasi cha 90 wamehesabiwa wakitoka kwenye paa la nyumba ya mkuu wa shule, mita 200 kutoka hapa, ambaye amelipokea jambo hilo kwa uungwana kuliko ilivyotarajiwa. Waliobaki hawajulikani walipo.

Chumba cha mbele kabisa cha boksi la magharibi, chenye milimita 20, hakitumiki mchana wa jua. Kinafikia nyuzi 42 uso unapopigwa na jua la alasiri. Kazi ya Desemba ni kuongeza ubao wa kivuli mbele yake, ukiwa umeachana na uso kwa sentimita 4, kutoka kwenye mabaki ya mtiki. Vizuizi vitatu vilivyobaki vinatosha boksi la tatu. Litawekwa kwenye ukuta wa mashariki wa nyumba ya mkuu wa shule mwezi Januari, na litaachwa walizoee. Matundu ya paa lake hayataguswa hadi Julai, na hata hapo baada ya kusimama chini ya dari saa 2 usiku na kusikiliza.